Kutuza na Kutunza

Methali ya Kiswahili husema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Wengine huitamka vingine, wakasema mcheza kwao hutuzwa. Najua ya kuwa wazee waliyatumia maneno haya mawili kwa kubadilishana, lakini mimi nayatenga kwa makusudi, maana katika mambo yetu ya leo yametengana. Kutuza ni kumpa mtu zawadi kwa jambo alilolifanya vizuri: kumpigia makofi, kumvika shada, kumtia noti mkononi mbele ya watu. Kutunza ni kumwangalia mtu asipotee: kumtibu akiugua, kumshika mkono akianguka, kumhifadhia haki yake hata asipokuwapo. Kutuza huisha jioni ya sherehe. Kutunza huanza asubuhi ya pili yake. Madai yangu katika insha hii ni kwamba sisi ni hodari wa kutuza na wavivu wa kutunza, na kwamba wanaoumizwa zaidi na uvivu huo ni wasichana waliojaliwa nguvu ya miguu, wepesi wa mikono na ushujaa wa moyo.

Angalia, msomaji, mambo yanavyokwenda katika shule zetu, hapa Bondo na kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria. Msichana anaweza mpira, au mbio, au mpira wa magongo. Wakati wa mashindano ukifika hupanda basi pamoja na wenzake, wakaenda kupigania jina la shule. Wakishinda, basi hurudi limefungwa matawi ya miti mbele, honi zinalia, nyimbo zinavuma, na soko zima husimama kutazama. Kombe huwekwa katika kabati la kioo ofisini, likapanguswa vumbi kila Ijumaa. Juma la pili yake, yule yule aliyetia bao la ushindi hurudishwa nyumbani kwa deni la karo. Kombe hubaki shuleni, aliyelileta huondoka. Basi sema mwenyewe ni nani aliyetunzwa na ni nani aliyetuzwa.

Shina la udhalimu huu si ubaya wa moyo. Walimu wakuu wana madeni ya kulipa, na wazazi wana watoto wengi wa kulisha. Shina lake ni wazo moja potofu ambalo limekaa katika vichwa vyetu muda mrefu hata limefanana na hekima, nalo ni kwamba mchezo si kazi. Mzazi asemaye mchezo ni upuzi analiamini wazo hilo. Mtazamaji ashangiliaye uwanjani, kisha akasema mchezaji halipwi kwa sababu anacheza kwa kupenda kwake, naye analiamini vile vile. Mmoja hulaumu na mwingine husifu, lakini wote wawili wamekunywa katika kisima kimoja. Kisima hicho ndicho nitakacho kukifukia.

Nitaanza kwa mfano wa mbali, kwa kuwa jambo la mbali hutazamwa bila upendeleo. Nchini Marekani, katika majimbo ya wafugaji kama Texas, kuna mashindano yaitwayo rodeo. Jina hili ni la Kihispania, na asili yake ni ile kazi ya kuzunguka malishoni juu ya farasi na kuwakusanya ng'ombe. Wachungaji waliokuwa wakifanya kazi hiyo kila siku walianza kushindana kwa ustadi wao: kumnasa ndama kwa kamba, kumpanda farasi asiyefugika, kumpanda fahali. Sisi tuliokulia penye mifugo hatuna haja ya kufafanuliwa sana, kwa maana hata kwetu kijana ajuaye kumtuliza fahali mkali huheshimiwa.

Katika rodeo kuna mashindano moja ambayo kwa desturi ni ya wanawake, nayo ni mbio za mapipa. Mapipa matatu husimamishwa uwanjani kwa umbo la pembetatu. Mpanda farasi huingia kwa kasi, akalizunguka la kwanza, akavuka kwenda la pili, kisha la tatu lililo mbali zaidi, halafu akarudi mbio penye mstari alipoanzia. Njia yake ikichorwa chini hufanana na jani lenye vidole vitatu. Akiangusha pipa moja huongezewa sekunde 5. Safari yote aghalabu haifiki sekunde 20, na washindi hutenganishwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, yaani muda ambao jicho halijamaliza kupepesa.

Atakayesikia hayo atasema: sekunde 20 ni kazi gani? Huyo amelitazama tunda asiutazame mti. Nyuma ya sekunde hizo kuna miaka ya kuamka alfajiri, kumlisha farasi, kumwogesha, kuzikagua kwato zake, kumfundisha kugeuka bila kuteleza. Kuna maelfu ya kilomita za kuendesha gari usiku kwa usiku, farasi akivutwa nyuma, ili kuwahi mashindano ya kesho katika mji mwingine. Tena mshindani hulipa ada ya kuingia kwa fedha yake mwenyewe, na asiposhinda hurudi mikono mitupu. Ana mtaji, ana gharama, ana hasara na ana faida. Tofauti yake na mchuuzi wa samaki ni nini, isipokuwa kwamba yeye hutazamwa na watu wakati wa kufanya biashara yake?

Jina kubwa katika mchezo huo ni la Charmayne James, aliyetoka mji mdogo wa Clayton katika jimbo la New Mexico. Farasi wake, Scamper, alinunuliwa kwa dola 1,100 tu, na hakuwa mnyama aliyetarajiwa makuu. Mwaka 1984, binti huyo akiwa na umri wa miaka 14, alitwaa ubingwa wa dunia, wala hakuuachilia mpaka mwaka 1993: miaka kumi mfululizo. Mwaka 1985, katika fainali za taifa, hatamu ilimtoka Scamper kichwani katikati ya mbio. Farasi asiye na hatamu ni kama mashua isiyo na usukani, lakini Scamper aliyazunguka mapipa yote na kushinda, kwa kuwa alikwisha kuijua kazi yake. James alikuwa mwanamke wa kwanza kuchuma dola milioni moja katika rodeo. Nani atathubutu kumwambia mtu huyo kuwa mchezo si kazi?

Lakini sikumleta ili umwonee kijicho utajiri wake. Nimemleta ili nikuulize swali lililo muhimu kuliko fedha: nani alimtengenezea njia? Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini wanawake walikuwamo katika rodeo, wakipanda farasi wakali sawasawa na wanaume. Mwaka 1929, huko Pendleton katika jimbo la Oregon, mpandaji mmoja aitwaye Bonnie McCarroll aliangushwa na farasi, akaumia vibaya, na baada ya siku chache akafa. Wanaume nao walikuwa wakifa katika michezo hiyo, wala hakuna aliyesema wanaume waache. Alipokufa mwanamke ilisemwa kwamba mchezo huo haumfai mwanamke, na milango ikaanza kufungwa. Mahali pengi mwanamke alibakiziwa kazi ya kupendeza tu: kuvaa vizuri, kutabasamu, na kuzunguka uwanja juu ya farasi kabla ya wanaume kuanza mambo yenyewe. Huo ndio mwisho wa kutuza bila kutunza. Mtu hugeuzwa kuwa pambo.

Wanawake wale walifanya nini? Mwaka 1948 wanawake 38 walikutana katika mji wa San Angelo, Texas, wakaunda chama chao. Katika mwaka wake wa kwanza chama kilikuwa na wanachama 74 tu. Waliandika kanuni, wakachagua viongozi wao wenyewe, wakawaambia waandalizi: mkitaka tushindane kwenu, mashindano yawe ya haki na tuzo iwe ya kweli. Baada ya miaka mingi ya madai, mwaka 1967 mbio za mapipa ziliingia katika fainali za taifa. Mwaka 1980 chama hicho kiliwapelekea ujumbe waandalizi wapatao 650, kikawapa muda mpaka mwaka 1985 wazilinganishe fedha za wanawake na za wanaume, la sivyo wanachama wake hawatakwenda. Charmayne James alipoingia uwanjani mwaka 1984 alikuta njia imekwisha kufyekwa. Farasi wake alikuwa mwepesi, naam. Lakini wepesi wa farasi haufungui mlango uliofungwa na watu. Mlango ulifunguliwa na wanawake waliokaa mkutanoni, wakaandika barua na wakalipa ada ya chama.

Sasa turudi nchini mwetu. Kenya nayo ilipata mwanamke wa farasi aliyejulikana duniani. Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo, akakulia Njoro katika shamba la baba yake aliyefuga farasi. Ukame ulipomfilisi baba, naye akaondoka nchini, binti alibaki. Akiwa na umri wa miaka 18 hivi alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyekuwa amelipata kabla yake katika nchi hii. Farasi aliowafundisha walishinda mbio kubwa za Nairobi, na katika maisha yake alipata ushindi wa Derby mara sita. Tena alijifunza urubani, na Septemba mwaka 1936 aliivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akaangukia Kanada akiwa hai.

Wako wapendao kumtaja mwanamke huyu kama kielelezo cha juhudi: tazameni, alianza bila kitu akafika mbali. Mimi nakataa somo hilo jinsi linavyofundishwa. Juhudi alikuwa nayo, lakini haikuwa yeye tu. Alikuwa na farasi, alikuwa na malisho, na alikuwa na rangi ya ngozi ambayo serikali ya kikoloni iliiheshimu. Msichana wa Bondo wa miaka hiyo, hata angalikuwa na juhudi mara mbili, asingalipewa leseni hiyo, wala asingaliketi jukwaani kutazama mbio. Na penye zizi la Beryl Markham alikuwapo arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, aliyewahudumia farasi wale na kusafiri naye miaka mingi. Leo jina la arap Ruta lajulikana kwa sababu bibi huyo aliliandika katika kitabu chake. Wachungaji na wahudumu wangapi wa farasi wa Kenya hawakuandikwa na mtu? Jasho lao lilishinda mbio, na majina yao hayamo katika orodha ya washindi.

Hata hivyo ipo sehemu ya maisha yake inayomhusu kila mchezaji. Katika uzee wake Beryl Markham, aliyekuwa ameshinda kila aina ya shindano, aliishi kwa dhiki katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi jijini Nairobi. Makofi yalikuwa yamenyamaza zamani. Kilichomwokoa ni kitabu chake, West with the Night, alichokitoa mwaka 1942 kikasahauliwa, kisha kikachapwa upya mwaka 1983. Mapato ya kitabu hicho yalimfaa mpaka alipofariki Nairobi mwaka 1986. Farasi wote aliowafundisha walikuwa wamekufa. Ndege yake ilikwisha kuvunjika. Bali maneno aliyoyaweka katika karatasi yalirudi kumlisha. Msichana unayesoma ukurasa huu, yafikiri hayo siku utakapoambiwa uchague kati ya uwanja na kalamu. Anayekuambia uchague anakudanganya. Chukua vyote viwili.

Ikiwa mwanamke mwenye upendeleo wote ule alifikwa na dhiki, itakuwaje kwa asiye na upendeleo wowote? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Conjestina Achieng alizaliwa mwaka 1977 hapa hapa Siaya, katika kijiji cha Umiru. Alichagua ndondi, mchezo ambao watu wengi hawakuweza hata kuufikiria pamoja na jina la mwanamke. Mwaka 2004 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda, akatwaa taji la kimataifa la uzani wa kati, na akatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ndondi. Watu wakamwita Mikono ya Mawe. Nchi nzima ilijivuna kwa ajili yake. Kila mtu alisema "Conje wetu", hata wale ambao walikuwa wamesema mwanamke hapigani.

Kisha akaugua ugonjwa wa akili. Ugonjwa huo si aibu. Humpata mwalimu, humpata mvuvi, humpata hakimu, kama homa inavyowapata. Wala mimi sisemi ndondi au umaskini ndio uliomletea, kwa kuwa mimi si tabibu. Ninachosema ni hiki: kwa miaka mingi habari za dhiki yake ziliandikwa magazetini, na kila zilipoandikwa msaada ulitegemea huruma ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2022 aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alimchukua kutoka kwao akampeleka Mombasa kutibiwa. Atendaye wema na ashukuriwe. Lakini jiulize, msomaji: taifa lenye katiba, wizara na mashirikisho limngojee mpita njia mwenye moyo mwema ndipo bingwa wake apate dawa? Huruma ni kama mvua ya rasharasha: hufurahisha inaponyesha, lakini hakuna mkulima mwenye akili apandaye mahindi kwa kuitegemea hiyo tu. Bingwa anastahili kisima, na kisima huchimbwa kabla ya kiu.

Tena kuna hatari nyingine iliyo nzito kuliko maradhi. Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake watupu huko Ujerumani, Septemba mwaka 2021. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na umri wa miaka 25. Tulikuwa tumemtuza kwa medali. Nani alikuwa akimtunza? Msichana aanzapo kuchuma fedha kwa miguu yake, fedha hizo huvuta watu wasiompenda yeye bali mapato yake, na mara nyingi watu hao humo humo nyumbani hukaa. Wanariadha wenzake hawakuishia kulia kaburini. Waliunda shirika liitwalo Tirop's Angels, ili kupambana na ukatili wanaotendewa wanawake. Tazama jinsi mambo yanavyofanana: kifo mwaka 1929 kiliwafungia wanawake mlango huko Marekani, mpaka chama kikaufungua, kifo mwaka 2021 kilikuja kwetu, na safari hii wanawake wakaungana mara moja, wasingoje miaka kumi na tisa.

Sasa nazijibu hoja za wapinzani wangu, maana nawajua na nawaheshimu. Wengine ni wazazi wa wanafunzi wangu.

Wa kwanza husema: wafaulu katika mchezo ni wachache, kwa hiyo si kazi ya kutegemewa. Ni kweli kuwa ni wachache. Lakini nyavu zinazotupwa ziwani usiku huu zote zitarudi zimejaa? Mvuvi hurudi mara ngapi na maji tu katika mashua? Hatusemi uvuvi si kazi kwa sababu una bahati mbaya ndani yake. Tunasema uvuvi ni kazi ya hatari, na kwa hiyo wavuvi wanahitaji kushikana. Uchache wa wanaofaulu si sababu ya kumwacha mchezaji peke yake. Ndiyo hasa sababu ya kumwekea akiba.

Wa pili husema: mchezo utamharibia binti masomo. Namwuliza mzazi huyo kwa adabu: ndoo za maji, kuni na vyombo vya jioni je, havimharibii masomo? Saa moja ya uwanjani hulaumiwa kwa sauti kubwa, nazo saa za kisimani hazihesabiwi na mtu. Siku azikosazo darasani kwa ajili ya karo ni zile zile hata akiwa hachezi. Maadui wa masomo ni wengi, na mpira si mkubwa wao. Tena mchezo hufundisha mambo ambayo nikiwa mwalimu nayatafuta kila siku: kufika kwa wakati, kutii kanuni, kushindwa bila kukata tamaa na kushinda bila kudharau.

Wa tatu husema: wachezaji hufuja fedha zao, hivyo umaskini wao ni wa kujitakia. Huenda wapo wanaofuja. Lakini ni nani aliyewafundisha kuweka? Twamfundisha msichana kukimbia tangu darasa la nne, tusimfundishe kusoma mkataba hata siku moja. Twamfundisha riba katika somo la hisabati kwa mifano ya watu wasiokuwapo, wala hatumwonyeshi kuwa siku moja mtu atamletea karatasi ya kweli atie sahihi, na katika karatasi hiyo mna hesabu ya maisha yake. Mtu aliyenyimwa taa hana lawama akijikwaa.

Wa nne, na huyu ndiye aliye hatari zaidi kwa kuwa husema maneno matamu, hudai kwamba jambo hili ni la serikali, tuingoje. Sikatai kuwa serikali ina wajibu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, haki ya mazingira yafaayo ya kazi, na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mchezo ukiwa ni kazi, na nadhani nimeonyesha kuwa ni kazi, basi mchezaji ni mfanyakazi, na haki hizo ni zake kama zilivyo za mwalimu na za mpishi. Lakini haki iliyoandikwa ni kama mashua iliyofungwa ufuoni: haivui samaki mpaka mtu aisukume majini. Wanawake 38 wa San Angelo hawakungoja serikali ya Marekani iwasukumie mashua yao.

Na kwa nini tuwataje wa San Angelo tu? Nenda Usenge au Wichlum asubuhi ukawatazame akina mama wanaonunua omena. Mama yule hakusoma sana, na fedha yake ni kidogo, lakini ana chama cha mzunguko. Kila juma hutoa kiasi chake, akifiwa huchangiwa, mtoto akiugua hukopeshwa. Mwenye boda boda aliyeegesha pikipiki kwenye jukwaa la Bondo naye ana chama, na akipata ajali wenzake hupitisha kofia kabla damu haijakauka. Ufuo una kamati yake iliyochaguliwa. Sisi watu wa ziwa si wageni wa umoja. Basi ni ajabu ya namna gani kwamba muuza omena ana chama, bali msichana anayebeba jina la kaunti nzima mgongoni hana chochote ila fulana yenye namba, na fulana yenyewe huirudisha mashindano yakiisha?

Kwa hiyo nataka mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu. La kwanza, shule inayopokea kombe na ikubali kubeba mzigo wa aliyelileta. Zawadi yoyote ya fedha ipatikanayo kwa ushindi wa timu ihesabiwe kwanza katika karo za wachezaji, ndipo nyingine inunue mbuzi wa sherehe. La pili, kila mwalimu wa michezo atenge siku katika kila muhula awafundishe wachezaji mambo ya mkataba, akiba, kodi, na namna ya kukataa mkono wa mtu mzima anayetaka malipo yasiyotajika. La tatu, wachezaji wa Siaya, waliopo na waliostaafu, wanawake kwa wanaume, waunde chama chenye daftari, mweka hazina na siku ya mkutano. Waanze kwa kiasi kidogo kama cha wauza omena, maana chama huanza na watu kabla ya kuanza na fedha. La nne, chama hicho kiwe na mfuko wa matibabu, ya mwili na ya akili sawasawa, ili asitokee tena bingwa wetu anayengoja gazeti limwandike ndipo atibiwe.

Wewe, msichana mwenye kipaji, usitie sahihi yako katika karatasi ambayo hujaisoma na kuielewa, hata ikiwa imeletwa na mjomba. Fungua akiba kwa jina lako mwenyewe. Usimpe mtu yeyote ufunguo wa mapato yako kwa sababu tu amekuambia anakupenda. Andika mambo yako katika daftari, siku na tarehe, ushindi na hasara, kwa kuwa asiyejiandika huandikwa na wengine au haandikwi kabisa. Na siku utakapofika mahali pa juu, mtafute aliyekuwa akikulindia mgongo, ulitaje jina lake mbele ya watu.

Nawe usiye na kipaji cha kukimbia wala kupiga teke, usidhani hujatajwa hapa. Wewe ndiwe mtazamaji, na watazamaji ndio walio wengi. Makofi yako ni mazuri. Yapige, mkono haupungui. Lakini makofi hayanunui dawa. Siku utakapokuwa mwenye mshahara, au mjumbe wa bodi ya shule, au diwani, au mzazi, swali litakujia mlangoni pako kwa sura ya msichana mmoja mwenye viatu vilivyochanika na medali shingoni. Utamtuza, kisha umsahau? Au utamtunza?

Wazee waliotuachia methali ile walijua kucheza kwao ni nini. Hawakusema mcheza kwao hupigiwa makofi, wala hawakusema mcheza kwao hupigwa picha. Walisema hutunzwa. Hilo lilikuwa deni, nao walilitamka mbele ya vizazi vyote vitakavyokuja. Sisi ndio tuliolirithi, na deni halilipwi kwa wimbo.